Mifupa ya mbwa wa kale inasema nini kuhusu binadamu? Tuanzie Ujerumani na Misri mpaka huku kwetu Kanda ya Ziwa (uzi mrefu)

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, uzi huu ni mrefu kwa hiyo mwenye kazi aweke alama atarudi usiku.

Mi nilisoma akiolojia chuoni na kuna kitu kinaniuma siku zote, mtu akisikia akiolojia anawaza fuvu la Olduvai na dhahabu ya mafarao, basi. Wakati kuna mnyama kaishi na binadamu kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla hata hajatokea mtu wa kupanda mtama, na mifupa yake ukiisoma vizuri inakuonyesha watu wa zamani walikula nini, waliishije, nani walimthamini na nani walimtupa. Huyo mnyama ni mbwa. Na bado kwenye machimbo mengi ya zamani mifupa yake ilikuwa inatiwa kwenye mfuko mmoja na ya wanyama wengine, inapelekwa stoo na haiguswi tena.

Nianze na mfano mmoja niueleze taratibu maana ndio ulionifanya niipende hii kitu.

Mwaka 1914 vibarua wa machimbo ya mawe sehemu inaitwa Oberkassel, karibu na mji wa Bonn kule Ujerumani, walikuta kaburi. Ndani mwanaume wa makamo na mwanamke kijana, wamefunikwa kwa mawe makubwa ya basalti na kumwagiwa ule udongo mwekundu ambao watu wa kale walipenda kuwatia maiti wao. Kulikuwa na mifupa ya wanyama pia. Kipande cha taya kikasemwa ni cha mbwa mwitu, kikawekwa makumbusho, kikakaa huko zaidi ya miaka 60. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndio mtaalamu mmoja akakirudia akaona hapana, huyu ni mbwa wa kufugwa. Na kaburi lenyewe likapimwa likaonekana lina miaka kama 14,000. Wakati huo hakuna kijiji cha wakulima popote duniani, watu wote wanawinda, wanavua na kuokota matunda.

Sasa patamu ni kwenye meno. Mwaka 2018 Luc Janssens, yeye ni daktari wa wanyama aliyekuja kusomea akiolojia, na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa meno ya huyo mbwa. Kumbe alikuwa bado mdogo, kafa akiwa na miezi sita na nusu hivi. Na meno yake yana mistari na vishimo vya kulala, dalili kwamba aliugua sana akiwa anaota meno ya kudumu, na wao wakaona ugonjwa unaolingana na alama zile ni distempa, ugonjwa wa kirusi unaoua mbwa wengi. Ulimpata akiwa na miezi mitano hivi, ukamwachia, ukamrudia, na bado akaishi wiki kadhaa baada ya hapo.

Mliowahi kuuguza mbwa mwenye distempa mnaelewa nasema nini. Anatapika, anaharisha, macho yanajaa usaha, hali, hanywi, mwisho degedege. Bila mtu wa kumnywesha maji, kumfuta uchafu na kumweka kwenye joto hafiki wiki hizo. Na hapo ni Ulaya ya baridi kali, watu wanahamahama, chakula ni cha kutafuta kwa mguu. Mtoto wa mbwa mgonjwa hawindi, halindi, hafukuzi chui. Hana faida yoyote kwa mtu. Lakini kuna mtu alikaa naye, na walipokufa wakazikwa pamoja.

Mimi hiyo ndio hoja yangu kwenye huu uzi: ukisoma mfupa wa mbwa unamsoma mtu aliyekuwa naye. Na msomaji asidhani nataka kuchora picha ya mapenzi tupu, maana mifupa hiyohiyo inasema mengine. Kule Texas kwenye pango la Hinds walikuta kinyesi cha binadamu kilichokauka cha zaidi ya miaka 9,000, ndani yake kipande cha mfupa kimemezwa, kupima vinasaba ni mbwa. Walimla. Na Misri pale Saqqara kuna mahandaki ya chini ya ardhi ya mungu Anubi ambako wataalamu wa chuo cha Cardiff wanakadiria waliwekwa wanyama wapatao milioni 8, wengi mno ni mbwa, na wengi kati ya hao ni vitoto vya siku chache tu, vilizalishwa ili viuzwe kwa waumini kama sadaka. Mnyama huyohuyo, mmoja anauguzwa, mwingine anachinjwa hata hajafumbua macho.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Dada Mwaloni

Kaka asante kwa uzi, mi nauza dagaa Kirumba na hawa mbwa tunashinda nao hapa kutwa kwa hiyo umenigusa. Swali langu, meno ya miaka 14,000 yanasemaje ugonjwa? Mfupa sawa ukivunjika unaona umevunjika, ila distempa si homa tu hiyo inapita, inaachaje alama?

---

Dokta wa Mifugo Magu

Mleta uzi naomba nimsaidie dada hapo juu maana hii ni fani yangu.

Dada, jino la mnyama linajengwa likiwa bado ndani ya fizi, ile enameli nyeupe ya juu inatandazwa tabaka kwa tabaka na chembe maalum. Kirusi cha distempa kinashambulia zile chembe moja kwa moja, afu kuna homa kali, kwa hiyo ujenzi unasimama. Mbwa akipona ujenzi unaendelea lakini pale uliposimama panabaki mstari au kishimo, na enameli ikishatengenezwa haijirekebishi tena, mfupa unajiunga ila enameli haijiungi. Na kwa sababu tunajua kila jino linajengwa mbwa akiwa na wiki ngapi basi ukiona mstari uko wapi unajua aliugua lini. Hata leo nikifungua mdomo wa mbwa mkubwa nikakuta meno yameliwa mistari hivyo namuuliza mwenye mbwa, huyu aliugua utotoni? Wengi wanasema ndiyo.

Na hii distempa watu wa huku mnaifahamu kwa tukio lingine. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka degedege mbele ya watalii. Walikufa karibu theluthi nzima, simba kama 1,000. Ilikuwa distempa, na wataalamu waliona chanzo ni mbwa wa vijijini kuzunguka hifadhi, upande huu wetu wa magharibi ukiwemo. Ndipo zikaanza kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, distempa pamoja na kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mnapopita kwenye zoezi la chanjo mkaona tunawaita mlete mbwa na hamlipi kitu, msione tunapoteza muda, leteni mbwa jamani.

---

Kisiwa cha Ukara

Huyo mbwa mwitu mnayemtaja ndio hawa wenye madoadoa wa Serengeti?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Dokta ubarikiwe, umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Ukara, hapana mkuu. Hawa wetu wenye mabaka ni ukoo mwingine kabisa, hawajawahi kufugwa. Mbwa alitokana na yule wa kijivu wa Ulaya na Asia ambaye huku kwetu hayupo. Maana yake ni kwamba mbwa wa Afrika, hata huyu anayelala chini ya mtumbwi hapo Kayenze, mababu zake waliletwa. Na walishagawanyika mapema mno, mwaka 2020 kulitoka utafiti wa vinasaba vya mbwa 27 wa kale ukaonyesha kwamba miaka 11,000 iliyopita tayari kulikuwa na koo tano tofauti za mbwa duniani.

---

BinSaidi Pasiansi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimesoma kwa utulivu. Sisi Waislamu mbwa hatukai naye ndani, mate yake ni najisi, hilo linajulikana na mimi nalishika. Lakini watu wanasahau kwamba Qur'ani yenyewe katika sura ya Al-Maida imehalalisha kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, na katika sura ya Al-Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini, ametajwa pamoja nao. Kwa hiyo Waarabu wa zamani walikuwa na mbwa wa kuwinda. Je, akiolojia ya huko Bara Arabu ina ushahidi wa hilo au ni Ulaya na Misri tu?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Waalaykum salaam shehe. Upo, tena mzuri ajabu.

Kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia kuna sehemu mbili, Shuwaymis na Jubbah, kwenye majabali kumechongwa picha za uwindaji. Mwaka 2017 Maria Guagnin na wenzake walichapisha kazi yao baada ya kuyapitia majabali hayo, na mbwa waliochongwa ni mamia. Masikio yamesimama, kifua kimeshuka, mkia umejikunja juu ya mgongo. Kila mbwa na mabaka yake kifuani tofauti na mwenzake, ikaonekana mchongaji huenda alikuwa anachora mbwa anaowajua mmoja mmoja. Na katika baadhi ya picha kuna mstari unatoka shingoni mwa mbwa mpaka kiunoni kwa mwindaji, yaani kamba! Mwindaji ameshika upinde mikono yote miwili, mbwa kawafunga kiunoni. Wanakadiria picha hizo zina miaka zaidi ya 8,000, ingawa kupima umri wa mchongo juu ya jiwe ni kazi ngumu na hapo wataalamu wenyewe wanajadiliana.

Kiunoni wakuu, fikirieni. Hiyo sio kamba ya kufungia mlinzi, huyo ni mtu na mbwa wanaokimbia pamoja, na nani anafungwa na nani anaachiwa mwindaji alikuwa na sababu zake. Mimi nadhani yule wa kamba alikuwa bado anafundishwa, au ndiye wa thamani hawataki aumizwe na pembe, lakini hapo ni mawazo yangu.

---

Jembe la Misungwi

Mleta uzi mi naona mnakuza mambo. Kumuuguza mbwa, kumzika mbwa, hizo ni tabia za wazungu za tangu zamani. Sisi Waafrika mbwa kazi yake ni ulinzi, akifa unamtupa kichakani fisi wamalize. Usitulazimishe historia isiyo yetu.

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Mkuu Jembe nakuheshimu lakini hapo nitakupinga kwa ushahidi na ushahidi wote nitautoa bara hilihili.

Misri, Giza, mwaka 1935 timu ya George Reisner ilikuta jiwe lenye maandishi limetumika kujengea kaburi la mtu mwingine. Maandishi yanamtaja mbwa aliyekuwa mlinzi wa mfalme, jina lake Abuwtiyuw. Mfalme aliamuru azikwe rasmi, akatoa jeneza kutoka hazina ya kifalme, vitambaa vizuri vya kitani vingi, ubani, mafuta ya manukato, na mafundi waashi wakaamriwa wamjengee kaburi. Hiyo ni zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Na ona, alikuwa mlinzi! Ulinzi huohuo unaousema wewe, na bado akapewa maziko kama mheshimiwa.

Utasema huyo ni wa ikulu. Sawa, twende kwa watu wa kawaida. Berenike, bandari ya kale pwani ya Bahari ya Shamu, Marta Osypińska kachambua makaburi ya wanyama 585 wa karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo, wengi paka, mbwa wapo kiasi. Kuna mbwa humo wamezeeka mpaka meno yameng'oka. Mbwa asiye na meno jangwani, bandari isiyo na hata maji ya kunywa ya karibu, chakula kinakuja kwa ngamia kutoka mto Nile, nani kamlisha kama sio mtu aliyekuwa anamsagia au kumpa kitu laini?

Shuka chini Sudan, Kerma, ufalme wa Wanubi wenyewe, weusi kama mimi na wewe. Kwenye makaburi yao ya kati ya miaka 2500 na 1500 kabla ya Kristo wanazika mtu na kondoo wake, na mara nyingine na mbwa wake.

Na huko kwa wazungu unakowasifia, mbwa maarufu kuliko wote wa akiolojia yao ni yule wa Pompeii. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 wenye nyumba walikimbia, mbwa kaachwa amefungwa mnyororo mlangoni. Majivu yalivyokuwa yanapanda naye anapanda juu yake mpaka mnyororo ukaisha urefu. Mwaka 1874 walimwaga plasta kwenye tundu lililoachwa na mwili wake, akatoka umbo zima, amejikunja mgongoni miguu juu, ukanda wa shingo unaonekana. Kwa hiyo kila bara lina waliomthamini na waliomtelekeza, hata ndani ya mji mmoja.

---

Jembe la Misungwi

Hapo kwenye Kerma umenipata mkuu. Sasa niambie, huyo mbwa alifikaje huku kwetu? Mbona naona unaruka kutoka Sudan unakwenda Italia, Afrika Mashariki huigusi?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Swali zuri na ndio lenye uzito kwangu.

Mbwa Misri yupo zaidi ya miaka 6,000, mifupa imetoka pale Merimde kwenye delta ya Nile. Lakini kusini mwa Afrika anaonekana katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, amefuatana na wakulima wafua chuma. Maelfu ya miaka katikati hapo! Ng'ombe na kondoo walitangulia kushuka, mbwa ambaye anatembea mwenyewe kachelewa. Kwanini?

Peter Mitchell wa Oxford alitoa hoja mwaka 2015 kwamba huenda ni magonjwa. Ukishuka kusini mwa Sahara unakuta mbung'o na vijidudu vyake vya trypanosoma, unakuta kupe na vijidudu vyao vya babesia, na magonjwa mengine ambayo mbwa mgeni kutoka ukanda mkavu hayajui. Mbwa aliyeingia msituni au pori la mbung'o alikuwa anakufa kabla hajazaa vya kutosha. Walichukua vizazi vingi mpaka wakapatikana wenye mwili wa kuhimili. Mimi naikubali hoja hiyo kwa sababu ukikaa huku unaiona kwa macho, mtu akileta mbwa wa kigeni wa bei mbaya kutoka mjini kupe wanammaliza ndani ya msimu mmoja, wakati mbwa wa kijijini yuko palepale na kupe zake masikioni anadunda. Huyo wa kijijini mnayemdharau ni uzao wa waliopita kwenye lile chujio. Dokta atanirekebisha.

---

Dokta wa Mifugo Magu

Sina cha kurekebisha, ndivyo tunavyoona kazini. Naongezea tu kwamba mbwa anaumwa trypanosoma vibaya, jicho linakuwa la bluu kama lina ukungu, na asipotibiwa anakwenda haraka kuliko ng'ombe.

---

Ngw'ana Mabula

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Nimefurahi kuona vijana wanazungumza hivi.

Zamani kwetu upande wa Sengerema watu waliwinda na mbwa. Mbwa wa kuwinda alikuwa na jina lake na sifa zake, watu wa kijiji cha pili wanamjua. Alivishwa njuga ya chuma shingoni ili akiingia kwenye majani marefu umsikie alipo, na akisimama kukoroma njuga inabadilika mlio unajua kapata. Mgawo wa nyama mwenye mbwa aliyekamata alipewa kipande chake mbali na cha mwindaji, na mbwa mwenyewe anapewa palepale porini kabla nyama haijafika nyumbani. Kumnyima ilikuwa aibu. Je, hao wa kale walikuwa na utaratibu kama huo?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Shikamoo babu, na mjukuu asante kwa kutuandikia, tafadhali andika na mengine anayokumbuka, majina ya mbwa hao na sifa zao, kabla hayajapotea.

Babu, utaratibu wa mgawo hauachi mfupa wa kuuonyesha moja kwa moja, lakini cha shingoni kipo. Kando ya ziwa Baikal kule Siberia wavuvi na wawindaji wa miaka kama 7,000 iliyopita walizika baadhi ya mbwa wao kwenye makaburi yaleyale ya watu. Mmoja pale Ust'-Belaia alizikwa na mkufu wa meno ya paa mwekundu, pambo la aina ileile walilovaa watu wenyewe. Robert Losey na wenzake waliochambua mbwa wa Baikal wanasema sio mbwa wote walizikwa hivyo, ni baadhi tu. Naona inalingana na ulichosema babu, kwamba kuna mbwa aliyekuwa na jina mpaka kijiji cha pili.

Na kuna kazi nyingine ya mbwa ambayo huku hatukuwahi kuiona, kuvuta. Kisiwa cha Zhokhov, barafuni kabisa juu ya Siberia, miaka 9,500 iliyopita watu waliokuwa wanawinda dubu weupe walikuwa na mbwa wa kuvuta sleji (kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburuzwa kwenye theluji), vipande vya sleji vimepatikana na mbwa wenyewe wengi walikuwa na uzito wa kilo 16 mpaka 25 hivi, ule unaofaa kukimbia umbali mrefu bila mwili kupata joto sana.

---

Dada Mwaloni

Mbwa wa huko anakula nyama ya dubu na huyu wa kwangu hapa ni vichwa vya sangara, mabaki ya dagaa na ugali wa juzi. Kaka, ulisema mwanzo mifupa inaonyesha watu walikula nini. Mbwa na watu wapi na wapi?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Dada umenipeleka ninapopapenda kuliko pote.

Mwili unajengwa na kinacholiwa, na ndani ya mfupa kuna protini inaitwa kolajeni inayohifadhi alama ya chakula cha miaka ya mwisho ya mnyama. Wanapima isotopu, yaani aina za kaboni na za nitrojeni zinazotofautiana uzito. Nitrojeni nzito inapanda kadri unavyokula juu kwenye mlolongo wa chakula, mla samaki wakubwa inapanda sana. Kaboni inatenganisha mimea. Mahindi, mtama, uwele viko kundi moja. Muhogo, viazi vitamu, mpunga, maharage viko kundi lingine. Sasa chukua mji wa Msukuma wa ugali wa mahindi na mji wa Mkerewe wa ugali wa udaga wa muhogo na samaki kila siku, afu chukua mbwa wa kila mji. Mbwa anakula makombo ya ugali, miiba ya samaki, na tuseme ukweli anakula mpaka kinyesi cha watoto. Chakula cha watu kinapita kwake. Mfupa wa mbwa wa kwanza na wa pili utatoa majibu tofauti, na majibu hayo yatafanana na ya wenye mji.

Ndio maana siku hizi sehemu nyingi duniani watafiti wanapima mbwa badala ya binadamu. Kupima lazima ukate kipande cha mfupa ukiyeyushe, na watu hawataki mifupa ya mababu zao ikatwe, na wana haki. Mbwa anasimama badala yao.

Hata kula ugali kwenyewe kumeandikwa ndani yake. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya amailesi, kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa mwitu wa kijivu ana mbili tu. Mbwa wa watu wasiolima, kama wale wa Siberia wa kuvuta sleji, wana chache. Wakulima walivyoanza kula nafaka mbwa wao walibadilika tumboni pamoja nao.

---

Kisiwa cha Ukara

Sasa kaka kwa nini isifanywe huku Ziwani? Kila siku tunasikia Olduvai, Engaruka, Kilwa, sisi tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika watu wamevua humu tangu enzi.

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Kazi zipo mkuu, ni chache tu kulinganisha na ukubwa wa eneo. Robert Soper na mwenzake Golden walizunguka mkoa wetu wa Mwanza na kuchapisha mwaka 1969, walichimba chini ya majabali walikojisitiri watu wa kale pale Nyang'oma na Chole. Upande wa Kenya kuna Gogo Falls karibu na Migori, hapo wavuvi wa vyungu vya Kansyore, halafu wafugaji, halafu wakulima wa vyungu vya Urewe (hiyo ni mitindo ya kale ya ufinyanzi) wameachiana sehemu moja. Mkoani Kagera, Peter Schmidt alifanya kazi kubwa ya wafua chuma pale Katuruka.

Ila mifupa ina maadui zake huku. Udongo wetu unaotokana na haya majabali ya graniti una asidi, unakula mfupa. Pale ambapo watu walikula kombe wa ziwani na kurundika maganda ndio mifupa inapona, maana chokaa ya maganda inaizimua asidi. Adui wa pili ni chekeche. Ukichekecha udongo kwa matundu ya milimita 5 pingili ya mgongo wa dagaa inapita unaiona inaondoka na vumbi, unaandika kwenye ripoti hawakula dagaa. Adui wa tatu ni mbwa mwenyewe, anakula ushahidi. Mpe mbwa mfupa wa mbuzi uangalie, anaanza na vichwa viwili vya mfupa kule kwenye ulaini na mafuta, anaviguguna vinaisha, kinabaki kibomba cha katikati kina vishimo vya meno ncha zote mbili. Miiba ya samaki haibaki kabisa.

Lakini hapohapo adui anageuka shahidi. Shubayqa 6 kule Jordan, eneo la miaka 11,500, Lisa Yeomans na wenzake walikuta vipande vingi vya mfupa vimelainika kingo kwa asidi ya tumbo, vikubwa mno binadamu hawezi kuvimeza. Vimepita tumboni mwa mbwa, tena katikati ya makazi, maana yake mbwa waliachwa wazunguke humo ndani na watu mwaka mzima. Kwa hiyo hata pale ambapo huna mfupa wa mbwa hata mmoja, angalia mifupa ya mbuzi na swala imetafunwaje. Makusanyo ya zamani ya Kanda ya Ziwa yaliyoko stoo yanaweza kurudiwa kwa jicho hilo bila kuchimba hata shimo moja, na hiyo ndio kazi ambayo natamani mwanafunzi mmoja wa huku aichukue kama tasnifu yake.

---

Mama Kayenze

Nimefuatilia kimyakimya toka jana. Hapa kwetu ufukweni vijana wakichimba mashimo ya vyoo wanakuta vigae vya vyungu vina michoro, maganda ya kombe na mifupa, wanatupa. Mtu afanyeje akikuta?

---

Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Mama shikamoo, na hapa nawaomba wote msome.

Wakikuta maganda ya kombe yamejazana pamoja na vigae na mifupa wasimamishe shimo hapo, wahamie mbele kidogo. Wasiioshe mifupa, wasiipake kitu, wasiipange juani, kolajeni inaharibika. Wapige picha ikiwa bado ardhini, pembeni waweke kitu chenye ukubwa unaojulikana kama kiberiti au sarafu, wapige na nyingine inayoonyesha mti au jabali la karibu ili sehemu ipatikane tena. Wafukie kwa udongo uleule. Halafu taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji aipeleke halmashauri kwa ofisa utamaduni, ifike Idara ya Mambo ya Kale, maana sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inataka vitu kama hivyo vitolewe taarifa. Na wasiuze vigae kwa mtu yeyote.

Mkiwa na picha ziwekeni humuhumu lakini msitaje sehemu kamili hadharani, watu wa kutafuta mali za Wajerumani watakuja kupachimbua usiku. Niandikieni pembeni, nitawaelekeza wa kumpelekea.

---

Mama Kayenze

Marahaba mwanangu. Kesho asubuhi namtuma kijana na simu, lile shimo la juzi bado halijajengewa.